Umesafisha nywele, picha imeharibika: tafuta chanzo kwa dalili

Anayeleta picha isafishwe nywele huwa ana shida ndogo tu: ule unywele uliolala shavuni, zile mbili tatu zilizosimama utosini, zile zilizopeperushwa na upepo zikakatiza jicho. Anayeipokea naye hudhani ni kazi ya dakika tano. Kisha picha inarudi na madoa kando ya kichwa, shavu halina tena vinyweleo (vile vitundu vidogo vya ngozi), na mwenye picha anauliza, "Mbona umeninyoa?"

Makosa haya hujirudia, na karibu yote yana chanzo kinachojulikana. Nimeyapanga kwa dalili unayoiona kwenye skrini. Chini ya kila dalili, chanzo kinachotajwa mwanzo ndicho kinachotokea zaidi, kwa hiyo anza nacho.

Maelezo yanafuata Photoshop kwa kuwa imeenea sana kwenye studio. Photopea, inayofunguka ndani ya kivinjari bila malipo, ina zana zilezile na hufungua faili za PSD, yaani za Photoshop. GIMP nayo inazo kwa majina yanayokaribiana. Zana zitakazotajwa sana ni Healing Brush na Spot Healing Brush, zenye alama ya plasta, ambazo nitaziita plasta. Na Clone Stamp, yenye alama ya muhuri, ambayo nitaiita muhuri. Shika tofauti yao tangu sasa, maana nusu ya matatizo yanatoka hapo. Plasta huchukua umbile la mahali fulani, kisha hulichanganya na rangi ya pale unapopaka. Muhuri hunakili kilichopo kama kilivyo, haichanganyi kitu.

Kabla ya kugusa chochote

Uliza picha imetoka wapi. Ikiwa ilitumwa WhatsApp kama picha ya kawaida, imeshabanwa, na kila unywele umezungukwa na vijiraba ambavyo plasta itavisambaza badala ya kuvifuta. Mwombe mwenyewe aitume tena kama dokumenti, au apeleke faili halisi ya kamera. Picha ya zamani iliyopigwa tena kwa simu kutoka kwenye albamu iskaniwe upya. Usipoteze saa juu ya nakala mbovu.

Kisha fanya kazi kwenye tabaka jipya (layer) lililo juu ya picha, si kwenye picha yenyewe. Na itazame kwa 100% (Ctrl+1). Ukikuza hadi 400% utafukuza nywele ambazo hakuna binadamu atakayeziona, na huko ndiko kichwa kinakoanza kunyolewa.

"Ninapaka, hakuna kinachobadilika"

Chanzo cha kwanza: umefungua tabaka jipya tupu, vizuri, lakini zana imeelekezwa kuchukua sampuli (kipande cha kunakili) kwenye tabaka hilohilo. Inanakili utupu. Tazama mstari wa juu wa zana, pale penye neno Sample, uchague Current & Below. Kwa Spot Healing Brush, tia alama kwenye Sample All Layers. Kwenye GIMP kisanduku hicho kinaitwa Sample merged.

Kama hapo pako sawa, huenda kuna eneo ulilichagua ukalisahau, nalo liko nje ya unachokiona. Ctrl+D inalifuta. Ikishindikana, tazama opasiti (nguvu ya kufunika) ya muhuri: ukigusa tarakimu ya 1 kwenye kibodi huku umeshika zana hiyo, inashuka hadi 10%, na unaweza kupaka mchana kutwa usione tofauti. La mwisho ni hali ya kupaka iliyobaki kwenye Darken au Lighten tangu kazi iliyopita. Irudishe Normal.

"Pale nywele zinapoanzia pamebaki doa jeusi, au ukungu"

Hili ndilo linaloongoza. Unywele umeondoka, lakini mahali ulipokuwa umeungana na kichwa ukuta umeingia wingu la kijivu.

Mara nyingi ni plasta iliyogusa nywele zenyewe. Kazi yake ni kuchanganya rangi na jirani, na jirani akiwa nywele nyeusi, weusi unavutwa hadi ukutani. Jaribu hivi: zima na uwashe tabaka lako. Doa likiwa linafuata ukingo wa kichwa na halipo kwenye ncha za nje, chanzo ni hicho. Dawa ni kugawa kazi. Plasta iondoe sehemu kubwa ya nje ya unywele, na kipande cha mwisho kinachogusa kichwa ukikate kwa muhuri, sampuli ikitoka kwenye ukuta ulio jirani kabisa.

Kukiwa na nywele nyingi za hivyo, jenga uzio. Chagua kwa Lasso, zana ya kuzungushia eneo, sehemu ya ukuta tu, mstari wako ukifuata ukingo wa nywele, ulainishe kwa pikseli 1, kisha upake ndani ya eneo hilo. Rangi ya nje ya uzio haitavutwa ndani, hata ukitumia plasta. Wengi huruka hatua hii kwa kuiona ndefu, ila ndiyo inayookoa muda kuliko zote.

Chanzo cha pili ni ulaini wa brashi. Muhuri yenye ugumu wa 0% huacha ukungu, na yenye 100% huacha alama ya mkato. Anzia kati ya 50% na 70%, upana ukizidi unywele kidogo tu.

Chanzo cha tatu ni sampuli ya mbali. Ukuta wa studio hauna rangi moja: karibu na taa unang'aa, pembeni unafifia. Chukua sampuli hatua ndogo kando ya unywele na uisogeze sambamba nao.

Kuna njia moja ya ndani zaidi inayosaidia sana kwenye ukuta wenye umbile, kama mawe au mbao. Ukuta ukiwa mweupe na unywele mweusi, weka muhuri kwenye Lighten: itabadilisha tu pikseli zilizo nyeusi kuliko sampuli, na umbile la ukuta litaguswa kidogo sana. Unywele unaong'aa kwa taa ya nyuma mbele ya giza, geuza: tumia Darken. Angalizo: nywele za kichwa nazo ni nyeusi kuliko ukuta, kwa hiyo brashi ya Lighten ikivuka ukingo itazila zote. Uzio ule wa Lasso uwepo.

"Unywele wa usoni umeondoka, alama yake imebaki"

Chukua picha ya bibi harusi aliyepigwa ufukweni alasiri, jua likitoka upande mmoja, upepo wa kusi ukivuma. Unywele mmoja umetoka kwenye panja, umekatiza shavu, umeishia kwenye pembe ya mdomo. Umeufuta. Bado kuna mstari hafifu wa kahawia shavuni, unaofanana na kovu jembamba.

Huo ni kivuli cha unywele, na watu wengi hawajui kuwa walikuwa na vitu viwili vya kuondoa. Utakitambua kwa kuwa kiko upande wa pili na mwanga, kimesogea kidogo kutoka ulipokuwa unywele, na kingo zake ni laini. Unywele wenyewe ni mweusi na mkali. Usikipake plasta kwa nguvu. Ngozi iliyo chini yake ni nzima, imepungukiwa mwanga tu. Weka tabaka la Curves (la kurekebisha mwanga), lipandishe kidogo, lifiche kwa maski nyeusi (pazia la tabaka: nyeusi huficha, nyeupe hufichua), kisha upake nyeupe kwa brashi laini yenye flow (kasi ya kutoa rangi) ya 10% hivi, ukirudia polepole hadi mstari uzame. Vinyweleo vya ngozi vitabaki palepale.

Ikiwa alama iliyobaki si laini bali ni vipande vipande vya unywele, basi ulipitisha brashi ndefu mara moja na zana ikashindwa katikati. Rudi nyuma uende kwa hatua fupi.

Na ikiwa shavu limepata wekundu, ni rangi ya mdomo iliyovutwa na plasta. Mpangilio wa kazi ndio wenye kosa. Kwanza kata unywele kwa muhuri pale unapovuka mpaka wowote: mpaka wa mdomo, wa nyusi, wa kidevu na shingo, wa shela na paji la uso. Ukishautenganisha vipande, kila kipande kimelala juu ya kitu kimoja tu, na hapo plasta inafanya kazi yake bila kuchafua.

Unywele uliokatiza jicho ni habari nyingine. Kabla ya kuuhangaikia, fungua picha zote za dakika ile. Mpigaji wa harusi hupiga nyingi mfululizo, na mara nyingi kuna moja ambayo jicho liko wazi na kichwa hakijageuka. Kunakili jicho hilo, kulioanisha na kulifunika kwa maski ni rahisi na ni kweli kuliko kuchora upya kope. Simama hapa ikiwa unywele umepita juu ya mboni au umejichanganya na kope na huna picha ya pili. Jicho lililokosewa hata kwa pikseli chache hubadilisha mtazamo wa mtu, na ndugu zake wataliona kabla hujaliona wewe. Mpe fundi aliyebobea, au uuache unywele.

"Shavu halina tena ngozi"

Chanzo cha kawaida ni brashi pana. Unywele una upana wa pikseli nne, wewe umepaka kwa thelathini, na programu imebuni ngozi mahali ambapo ngozi halisi ilikuwepo. Punguza brashi kwa kitufe cha [ na urudie. Chanzo kingine ni kuwasha kilainisha ngozi cha programu ukitumaini kitameza nywele pia. Hakiwezi kumeza unywele bila kumeza vinyweleo; kizime.

Nywele zikiwa nyingi usoni, kama za mtoto aliyetoka kucheza, tenganisha umbile na rangi. Nakili picha mara mbili. Nakala ya chini itie Gaussian Blur hadi vinyweleo vipotee tu, usizidishe. Nakala ya juu, nenda Apply Image, uchague ile ya chini: kwa faili ya biti 8 (biti ni kina cha rangi cha faili) tumia Subtract, Scale 2, Offset 128, kwa biti 16 tumia Add, tia alama kwenye Invert, Scale 2, Offset 0. Kisha tabaka la juu liwe Linear Light. Picha itarudi kama ilivyokuwa, ila sasa mstari wa unywele uko juu na giza lake liko chini. Futa mstari kwa muhuri, Sample ikiwa Current Layer, halafu shuka chini ulainishe rangi. Kwenye GIMP, kuanzia toleo la 2.10, kazi hiyo inafanywa na Wavelet decompose. Unywele mmoja haustahili shughuli yote hii.

"Kichwa kinaonekana kimekatwa kwa mkasi"

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo picha za watu wetu zinapoharibiwa sana.

Chanzo cha kwanza ni kuondoa nywele zote zilizo nje ya umbo. Kichwa cha mtu hakina mpaka mmoja. Kuna nywele nzito, kisha nywele nyepesi zinazoruhusu ukuta uonekane, kisha chache zilizo peke yake. Ukiifuta safu ya pili na ya tatu, unabaki na kofia ya chuma. Kama ulifanya kazi kwenye tabaka jipya, dawa ni rahisi: shusha opasiti ya tabaka hilo hadi 60% au 70% uone kama picha inapumua. Au weka maski, uzirudishe nywele fupi zinazofuata mwelekeo wa nyingine. Zinazostahili kuondoka ni zile zinazopingana na mwelekeo, zinazokatiza kitu, au zinazovuta jicho kwa kung'aa peke yake. Nyingine ni sehemu ya mtu.

Chanzo cha pili, na hiki ndicho kinachoniuma, ni kutumia kanuni za nywele zilizonyooka kwenye nywele za kipilipili. Mafunzo mengi ya mitandaoni yanaonyesha mwanamke mwenye nywele ndefu, na unywele mmoja uliochomoka ni mstari mmoja unaofutika. Kwenye afro hakuna mstari wa namna hiyo. Ukingo wote umejengwa na vipindo vidogo vidogo, na kila kimoja kikitazamwa peke yake kinaonekana kimechomoka. Ukiviondoa kimoja kimoja, hutaujua mwisho. Utazunguka kichwa chote na kumpa dada wa watu nywele za mpira.

Kwa nywele hizo, usihesabu unywele, tazama umbo. Punguza picha hadi iwe ndogo kama kitambulisho, ukunje macho kidogo. Ukiona kishada kimoja kimetokeza upande mmoja na kuliharibu duara, hicho ndicho cha kushughulikia, na usikifute: kirudishe ndani kwa Liquify, brashi ya kusukuma, kubwa, shinikizo dogo. Ukiona shimo, sehemu iliyobonyea kwa sababu alilala kwenye gari akitoka saluni, nakili kipande cha ukingo kutoka upande mwingine wa kichwa kilekile, ukigeuze, ukiweke pale, kisha uunganishe kwa maski. Ukingo wa kuazima lazima utoke kwenye kichwa hichohicho na mwanga uleule. Baada ya kusukuma, kagua ukuta: mistari ya matofali au ya pazia huwa inapinda pamoja na nywele. Ikipinda, irudishe kwa muhuri.

Chunga pia nywele za mbele, zile laini za malaika kwenye paji la uso na kwenye panja. Zikifutwa, mpaka wa nywele unarudi nyuma na mtu anaonekana ana kipara cha mbele, au amevaa wigi wakati hajavaa. Wengi wamezilaza kwa jeli na mswaki kwa makusudi, ni pambo. Usiziguse bila kuuliza. Na aliyevaa wigi kweli, akiomba mstari wa lesi ufichwe, ndipo utakapozichora: brashi ya pikseli 1 hadi 3, rangi iliyochukuliwa kwenye nywele zake mwenyewe, mkono uanzie kwenye mzizi na kuachia mwishoni ili ncha ichongoke. Kalamu ya kuchorea inayohisi mkandamizo ni bora kuliko kipanya. Ukimaliza, tia ukungu kidogo sana, kwa maana unywele uliochorwa huwa mkali kuliko uliopigwa na lenzi.

Chanzo cha tatu ni ukingo mgumu wa brashi au wa maski, na tiba yake umeshaiona hapo juu.

"Misuko imevurugika"

Rasta na mabutu yakishakaa siku kadhaa hutoa manyoya madogo kwenye kila mkunjo. Plasta ikipita hapo inakata mpangilio wa msuko, na jicho huliona hilo upesi mno, kwa kuwa msuko ni mchoro unaojirudia. Tumia muhuri tu, sampuli kutoka mkunjo wa jirani kwenye msuko huohuo, ukilinganisha mkunjo na mkunjo. Kwenye twende kilioni, njia kati ya misuko ziache na ngozi yake. Njia zilizosafishwa kupita kiasi huonekana zimechorwa kwa kalamu. Manyoya yakiwa kichwa kizima, mweleze mteja ukweli: kusuka upya na kupiga picha tena kutamgharimu kidogo kuliko saa za fundi.

"Kuna mstari mweupe, au wa rangi, kuzunguka nywele"

Anza na ukali wa picha. Clarity na Sharpening zikipandishwa sana huzungushia kila kitu cheusi mstari mweupe. Zishushe hadi sifuri utazame. Mstari ukipotea, hakukuwa na cha kusafisha.

Ukibaki na ni wa zambarau au kijani, hiyo ni lenzi, hasa mtu akipigwa mbele ya anga jeupe. Kwenye Lightroom na Camera Raw kuna sehemu ya Defringe kwa ajili hiyo. Ifanye kabla ya plasta, la sivyo utaisambaza zambarau.

Mstari ukiwa na rangi ya mandharinyuma ya zamani, tatizo ni kubadilisha ukuta. Mtu alipigwa mbele ya ukuta wa kijani, akahamishiwa kwenye bluu, na nywele bado zimebeba kijani, kwani nywele nyepesi hupitisha kilicho nyuma yake. Rudi kwenye Select and Mask, pitisha Refine Edge Brush kwenye ukingo, jaribu Decontaminate Colors. Isipotosha, weka tabaka juu ya mtu, hali ya Color, upake ukingo kwa rangi ya nywele zake.

Na kama mstari ni mwanga halisi wa taa iliyokuwa nyuma, uache. Mpigaji aliuweka kwa makusudi. Punguza zile nywele mbili tatu zinazowaka kuliko nyingine, basi.

"Ukuta umejirudia"

Doa lilelile la ukuta mara tatu karibu na sikio: sampuli ilitoka sehemu moja. Badilisha sampuli mara kwa mara. Mahali uliposafisha pakiwa laini kuliko kwingine, umefuta punje za picha. Ongeza Noise ya 1% au 2% kwenye tabaka hilo. Mistari ya ngazi kwenye ukuta unaofifia hutokana na faili ya biti 8. Anza upya ukiwa kwenye biti 16 kutoka RAW (faili ghafi ya kamera), na punje hizohizo husaidia kuificha.

"Simu imefuta unywele pamoja na hereni"

Vifutio vya simu na vile vya akili bandia havifuti, vinabuni. Unapozungushia eneo kubwa karibu na sikio, programu inaamua yenyewe kuna nini hapo. Inaweza kuondoa hereni, kuongeza kipande cha sikio, kubadilisha mshono wa kilemba, au kunyoosha nywele zilizokuwa na mawimbi. Zungushia unywele peke yake, mmoja mmoja, picha ikiwa imekuzwa. Kwenye programu ya simu ya Snapseed, zana ya Healing hubadilika ukubwa kadiri unavyokuza picha, kwa hiyo kuza kwanza, kisha gusa. Baada ya kila hatua bonyeza na ushikilie picha uone ya awali, ulinganishe sikio, hereni, mpaka wa nywele na umbo la mashavu. Picha ya marehemu kwa ajili ya ratiba ya mazishi, ambayo huletwa usiku na kutakiwa asubuhi, usiipitishe kabisa kwenye kifutio cha kubuni. Familia inataka sura ile ile iliyokuwepo.

"Kwenye skrini ilikuwa safi, kwenye karatasi kuna viraka"

Skrini ikiwa na mwanga mkali huficha, na karatasi kubwa hufichua. Kabla ya kupeleka kuchapa, weka juu ya kila kitu tabaka la Curves la muda, uvute mstari juu na chini mara kadhaa kama mawimbi. Picha itaonekana ya ajabu, lakini kila kiraka cha plasta kitajitokeza. Rekebisha, kisha lifute tabaka hilo. Ukichapa A4 kwa 300 dpi (nukta 300 kwa inchi) unahitaji pikseli 2480 kwa 3508. Faili iliyo pungufu sana ya hapo itatiwa ukubwa na mashine, na viraka vitakua nayo.

Picha ambazo hazisafishwi

Picha ya pasipoti, viza au kitambulisho: usiguse. Viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, vinataka macho yaonekane bila nywele kuyafunika, na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani haikubali picha iliyobadilishwa kwa kompyuta, ikiwemo ya bahati nasibu ya viza ambayo watu wengi huku kwetu wamekuwa wakiiomba. Unywele ukiwa machoni, mtu abane nywele apigwe tena. Ni dakika mbili, na asiye na picha halali anaweza kupoteza nafasi ya mwaka mzima. Studio inayomsafishia mteja picha hiyo kwa nia njema inamwekea mtego.

Picha ya habari haisafishwi vilevile; mashindano kama World Press Photo huondoa picha iliyoongezwa au kupunguzwa kitu. Na picha inayotumika kama ushahidi, ya jeraha au ya ajali, ibaki kama ilivyo, hata unywele ukiwa umefunika sehemu.

Ukiamua kumpa fundi

Mpe mapema, kabla hujazidisha. Dalili za kufanya hivyo ni hizi: nywele nyepesi mbele ya majani ya miti, shela ya wavu iliyochanganyika na nywele, unywele juu ya macho yote mawili, au saa nzima imepita kwenye eneo moja na kila ukijaribu linazidi kuchafuka. Mpelekee faili halisi, RAW kama ipo, pamoja na kazi yako ikiwa na matabaka yake, na picha nyingine mbili tatu za dakika ile. Zungushia kwenye nakala ndogo kile unachotaka kiondoke, na uandike pia kile ambacho mwenye picha amesema kisiguswe: alama ya kuzaliwa, mvi za pembeni, nywele za mbele. Mwambie itachapwa ukubwa gani. Fundi asiyeuliza ukubwa wa karatasi na asiyetaka faili halisi, mtafute mwingine.